Wiki yenye mambo mengi: vichwa vya habari vya Julai, tuvipare magamba

Mizani_Mwaloni (Jumanne, 8 Julai 2025, saa 1:10 asubuhi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii habari zimegongana mlangoni. Mwaka mpya wa fedha umeanza tarehe 1. Jumatano tarehe 2 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wametoa bei za mafuta, Alhamisi Benki Kuu wakashusha riba, jana Sabasaba, na siku hizi hizi Ofisi ya Taifa ya Takwimu wanatoa mfumuko wa bei wa Juni. Keshokutwa, tarehe 10, mwezi unapevuka. Hiyo ya mwisho kwa mtu wa Mwaloni, soko letu la samaki hapa Mwanza, ni habari kubwa kuliko zote, ila hutaikuta ukurasa wa mbele.

Muda hakuna. Mtu anasimama kwenye meza ya magazeti, shingo upande, anasoma vichwa sita, anapanda daladala akiwa tayari na majibu ya kila kitu. Mchana anabishana: "mfumuko uko chini, mbona mchele uko pale pale?" Kichwa cha habari ni kama panki, lile fupa la samaki linalobaki kiwandani. Ukubwa wa samaki unauona, minofu imeshaondoka.

Naomba tufanye hivi: anayekijua kichwa fulani akifungue, atuambie kinamfikiaje mtu wa huku ziwani, kwa hesabu. Habari za watia nia wa uchaguzi zina nyuzi zake, humu tusizilete tafadhali.

Naanza na mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei KIKOMO. Kituo kikiuza juu yake ni kosa, na bei lazima iwe kwenye bango linaloonekana. Magazeti hubeba bei ya Dar es Salaam kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye jedwali. Jedwali lenyewe linashuka mji kwa mji, na kila kilometa ya lori kutoka bandarini inaongeza kitu. Mwanza iko juu ya Dar, Ukerewe iko juu ya Mwanza mjini. Anayesoma gazeti hapa halafu akaenda kumkaba kijana wa pampu Nansio, kule Ukerewe, kwa bei ya Dar anamwonea bure. Piga *152*00#, fuata maelekezo, utapata ya mji wako.

La pili ambalo kichwa hakisemi: bei ya Julai haitokani na mafuta yanayouzwa duniani leo. Inatokana na shehena zilizonunuliwa wiki kadhaa nyuma, zikapakiwa, zikasafiri, zikashushwa. Kwa hiyo ukisikia redioni leo kwamba pipa limepanda huko nje, usikimbilie kujaza madumu usiku huu. Kikomo cha mwezi huu kimeshafungwa mpaka Jumatano ya kwanza ya Agosti, ambayo ni tarehe 6.

Mpita_Njia (saa 1:32)

Mkuu, basi mafuta yakishuka mbona nauli ya Igoma haishuki?

Mizani_Mwaloni (saa 1:40)

Kwa sababu nauli haipangwi na pampu. Inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na wao hawabadilishi kila mwezi. Panapokuwa na maombi kunakuwa na kusikiliza maoni ya wadau, ndipo tangazo linatoka. Mafuta yanapanda na kushuka kila mwezi, nauli inakaa pale pale muda mrefu. Kwa hiyo "mafuta yashuka" kwa abiria wa daladala ni sifuri. Kwa mwenye bodaboda ni kitu. Kwa mwenye boti ndiyo habari yenyewe, na hapo namwachia fundi.

OiliMbili (saa 2:05)

Nimeitwa nimeitika. Hesabu ya boti iko hivi.

Injini ya farasi 15 ya mizunguko miwili, ukiifungulia yote, inakula lita 6 hadi 7 kwa saa. Kwenda saa mbili na kurudi saa mbili, dumu la lita 25 limekwisha. Sasa kikomo kikishuka shilingi 40 kwa lita, safari nzima umeokoa shilingi 1,000. Kikipanda 40, umepoteza 1,000. Ndiyo hiyo. Watu wanagombania habari ya shilingi 1,000 halafu wanarudi kutoka ziwani wamefungulia mkono wa mafuta wote na boti tupu. Punguza mkono kidogo tu, hadi robo tatu hivi: mwendo unapungua kiasi, mafuta yanapungua zaidi ya mwendo. Utaokoa kuliko alichokupa EWURA.

Halafu kuna oili, ambayo haimo kwenye jedwali la kikomo kabisa. Kwa injini nyingi za aina hii uwiano ni 50 kwa 1, yaani lita 25 za petroli kwa nusu lita ya oili. Soma kibandiko cha injini yako, mpya ikiwa kwenye kulainishwa hutaka oili zaidi. Mafuta yakipanda, ujanja wa kwanza ninaouona ni watu kubana oili. Robo lita kwa dumu zima! Matokeo hayachelewi: pistoni inapata joto, inachubuka, inakwama. Ukizidisha nako plagi inaloa masizi meusi, injini inakohoa, haiwaki asubuhi. Na oili ya gari usiitie humo. Ile imetengenezwa kukaa na kuzunguka ndani ya injini, siyo kuungua pamoja na petroli. Inaacha masizi na kugandisha ringi. Tafuta yenye alama TC-W3 kwenye kopo, ni ya injini za boti zinazopozwa kwa maji.

Kwa wanaonunua petroli ya madumu visiwani: jaza petroli kwenye chupa tupu nyeupe ya maji, iache imetulia dakika kumi, itazame kwenye mwanga. Ukiona mstari chini, au tone linacheza kama lulu, ni maji. Petroli inaelea juu, maji yanakaa chini, na bomba la tangi linanyonya kutoka chini. Ndiyo maana injini inazimika katikati ya mkondo, siyo gatini.

Mzee_Nahodha (saa 2:21)

Ng'wanawane (mwanangu), umesema kweli. Ongeza na pini ya propela ya akiba na kamba ya kuwashia. Hazina kichwa cha habari lakini ndizo zinazokurudisha.

Daftari_la_Kikoba (saa 2:50)

Nachukua ya riba. "BoT yashusha riba hadi asilimia 5.75." Tangu Alhamisi magrupu yote yanasema mikopo imeshuka. Hapana jamani.

Utaratibu wa Benki Kuu kutumia riba kuendesha sera ulianza Januari 2024 kwa asilimia 5.5. Aprili 2024 ikapanda hadi 6, ikakaa hapo zaidi ya mwaka, sasa imeshuka hadi 5.75. Hii ni riba ya kuongozea soko ambapo benki zinakopeshana zenyewe kwa siku saba. Siyo riba ya mama lishe. Mikopo ya benki kwa wateja inazunguka asilimia 15 kwa mwaka, na humo ndani mna gharama ya benki kupata amana, hatari ya wasiolipa, gharama za matawi na faida yao.

Tuseme benki yako ni malaika, imekupitishia robo yote ya asilimia. Mkopo wa shilingi milioni moja, mwaka mzima, umeokoa shilingi 2,500. Kwa mwaka.

Riba inayowatoa watu jasho Kirumba na Mabatini haimo kwenye kichwa hicho. Ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Wanakuambia "asilimia 10 tu kwa mwezi". Milioni moja, miezi sita: riba laki sita, jumla milioni 1.6, rejesho 266,667 kila mwezi. Hesabu inaonekana nyepesi mpaka uangalie kitu kimoja: wanaendelea kukutoza asilimia 10 ya milioni nzima hata mwezi wa sita, wakati umeshawarudishia sehemu kubwa. Ukipiga kwa deni linalobaki mkononi mwako, riba yenyewe inakuwa asilimia 15 na ushee kwa mwezi. Na hapo bado hawajakata fomu na "bima" mwanzoni. Wakikata 50,000 unaondoka na 950,000 huku unalipia milioni.

Maswali matatu kabla hujasaini: Riba inatozwa kwa deni lote au deni lililobaki? Mkononi napokea shilingi ngapi kamili? Nikilipa mapema, riba ya miezi iliyobaki inaondoka? Asiyejibu la tatu, ondoka. Na leseni ya Benki Kuu iwe ukutani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka wawe nayo.

InchiSita (saa 3:15)

Kaka Daftari umefunga hiyo. Mimi nina kichwa jirani yake: "Shilingi yaimarika dhidi ya dola." Wote wanashangilia. Mtu wa sangara asishangilie haraka.

Kiwanda kinauza minofu nje kwa dola, kinanunua samaki kwa shilingi. Mfano tu, siyo bei ya leo: minofu kilo dola 5. Dola ikiwa 2,700 kiwanda kinapata 13,500. Ikiwa 2,600 kinapata 13,000. Zimepotea 500 kwa kilo ya minofu. Kilo moja ya minofu inatoka kwenye samaki mzima wa kilo 2.3 hivi, kwa sababu kichwa, mifupa, ngozi na utumbo vinachukua zaidi ya nusu. Gawanya 500 kwa 2.3: ni shilingi 217 kwa kilo ya samaki mzima. Hizo ndizo kiwanda kitakazotafuta kukupunguzia mwaloni, na mnunuzi wake hatasema "kwa sababu ya dola". Atasema samaki wako wamelegea.

Upande wa pili mafuta, nyavu na injini vinaagizwa kwa dola, kwa hiyo kuna nafuu huko. Ila nafuu ya nyavu inachelewa, maana stoo zimejaa mzigo wa zamani. Punguzo la samaki linafika jioni ile ile.

Mabondo, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa sangara, nayo ni hivyo hivyo, tena zaidi, maana yanakwenda Asia moja kwa moja na bei inapangwa kwa ukubwa wa kipande. Bondo moja kubwa halilingani na madogo kumi ya uzito ule ule. Ndiyo maana ukipasua samaki usikate karibu na uti wa mgongo kwa pupa. Tundu moja la kisu linashusha daraja.

Mpita_Njia (saa 3:22)

Kwa hiyo shilingi ikiimarika ni hasara?

InchiSita (saa 3:26)

Inategemea unauza nini na unanunua nini, mkuu. Anayeuza sangara anaumia kidogo, anayenunua petroli anapumua kidogo. Mvuvi ni wote wawili.

KapuLaNyumbani (saa 4:02)

Mfumuko wa bei sasa, maana hapa ndipo watu wanatukanana.

Namba inazunguka asilimia 3 na kitu. Inalinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Haisemi bei imeshuka. Inasema imepanda polepole. Mfano wa darasani: mchele 2,000 mwaka juzi, 2,400 mwaka jana, hapo mfumuko wa mchele ni asilimia 20. Mwaka huu 2,520. Mfumuko umeshuka kutoka 20 hadi 5! Kichwa cha habari kinachekelea, na wewe unalipa 2,520. Wote wawili mko sahihi. Ili mchele urudi 2,000 namba inabidi iende chini ya sifuri, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Sasa kapu. Takwimu wanafuatilia bidhaa na huduma 383, na chakula na vinywaji visivyo vya kilevi vimepewa uzito wa asilimia 28.2. Chakula kikipanda asilimia 10 na vingine vyote vikasimama, namba ya taifa inasogea 2.82. Nyumba ya Igoma ambayo kati ya kila shilingi mia inatumia sitini kwenye chakula, yake inasogea 6. Siyo kwamba takwimu zimepikwa. Kapu la wastani lina humo ndani kodi ya nyumba ya Masaki na tiketi ya ndege, wewe hupandi ndege.

Tengeneza lako. Vitu kumi tu: sembe, mchele, dagaa, mafuta ya kula, sukari, mkaa au gesi, luku, nauli, maji, sabuni. Andika bei tarehe moja kila mwezi, duka lile lile, kipimo kile kile. Kipimo ndicho kinachoharibu hesabu za watu wengi. Fungu la nyanya la shilingi 500 halipandi bei kamwe, linapungua nyanya. Mkaa wa kopo vivyo hivyo: kopo ni lile lile, ila chini limebonyezwa ndani. Pima kwa kilo, hata kama unanunua kwa fungu.

Kijana_wa_Nyakato (saa 4:11)

Bado naona wanapika. Dagaa wiki iliyopita na wiki hii ni vitu viwili tofauti, na hakuna gazeti limesema.

ChanjaIgombe (saa 4:40)

Kijana, hapo umegusa mahali pake. Hilo siyo takwimu, ni mwezi. Tulia nikueleze taratibu.

Dagaa huvuliwa gizani. Boti zinatega taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri, mwanga unashuka majini, wadudu wadogo wanakusanyika, dagaa wanafuata, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina taa moja kubwa, dagaa hawana sababu ya kuja kwenye yako. Wanatawanyika na kukaa kina kirefu. Ndiyo maana kila mwezi kuna siku saba hadi kumi boti nyingi za dagaa zinakaa nchi kavu, watu wanashona nyavu. Wapo wanaojaribu, wanatoka mapema kabla mwezi haujapanda au wanangoja utue, lakini wanachopata mara nyingi hakirudishi mafuta.

Kwa hiyo ukikutana na kichwa "Bei ya dagaa yapaa Mwanza", kabla hujalaumu tozo, uvuvi haramu au madalali, tazama juu. Mwezi unapevuka Alhamisi hii. Kilichopo Mwaloni leo ni mzigo uliokaushwa wiki iliyopita, na kila siku unapungua. Mwandishi akija wiki hii ataandika imepanda. Akija tarehe 25, mwezi mwandamo, ataandika imeporomoka. Wote hawajadanganya. Ukitaka kulinganisha bei ya dagaa kwa haki, linganisha giza na giza: wiki ya mwezi mwandamo wa Juni na wiki ya mwezi mwandamo wa Julai.

La pili ni ukaushaji. Kilo tatu na nusu hivi za dagaa wabichi zinatoa kilo moja ya wakavu. Kiangazi hiki, jua kali na upepo, waliotandazwa alfajiri kwenye chanja jioni wanakusanywa, ilimradi wametandazwa mmoja mmoja, wasipandane. Chanja inapitisha hewa juu na chini, mchangani hewa inapita juu tu. Msimu wa mvua mambo yanageuka. Mvua ikipiga dagaa waliokauka nusu, wanavimba, wanakatika vichwa, wanachacha, na mzigo wa watu unageuka chakula cha kuku. Bei inaanguka hata kama ziwani wamevuliwa wachache. Kichwa cha habari cha "dagaa washuka bei" mwezi Aprili kinaweza kuwa habari mbaya kwa kila mtu.

La tatu, mchanga. Chukua kilo moja, osha kwenye beseni la maji, koroga, toa dagaa, acha mchanga utuame, mwaga maji pole pole, anika mchanga, upime. Ukipata gramu 50 maana yake ni asilimia 5, yaani gunia la kilo 50 umenunua kilo mbili na nusu za ufukwe. Hiyo ni kubwa kuliko mfumuko wa bei wa taifa, na hakuna atakayeitangaza. Dagaa mzuri ukimkunja anakatika kwa mlio, anang'aa fedha, tumbo halijapasuka. Anayejikunja bila kukatika ana maji ndani, atavunda kwenye gunia kabla hajafika Tunduma.

Kijana_wa_Nyakato (saa 4:52)

Nimekusoma mzee wangu. Nafuta komenti ya kupika.

KapuLaNyumbani (saa 4:55)

Usiifute, iache wengine wajifunze. Mzee Chanja, hapo kwenye giza na giza nimechukua kitu. Kapu la dagaa tarehe moja ya kalenda linapotosha, maana tarehe 10 mwezi huu ni mwezi mpevu, na ukisogea miezi michache tarehe 10 hiyo hiyo inaangukia pengine kabisa. Nitawaambia watu dagaa waandike kwa mwezi wa angani, vingine kwa tarehe.

BarafuKwanza (saa 5:30)

Kuna kichwa kimekaa karibu wiki tatu na bado kinazunguka: daraja. Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, limezinduliwa 19 Juni, kilometa 3 juu ya maji. "Safari sasa dakika nne." Hizo ni dakika za kuvuka. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, kilometa 3 ni dakika tatu na sekunde thelathini na sita, sawa. Umbali wa Mwanza kwenda Sengerema au Geita haujapungua hata hatua, mafuta ya lori ni karibu yale yale. Kilichokufa ni foleni ya kivuko. Kwa hiyo anayesubiri bei ya saruji Sengerema ishuke sana kwa sababu ya daraja atasubiri. Saruji haiozi kwenye foleni.

Samaki anaoza. Nafuu iko hapo. Kumpoza sangara kutoka nyuzi 25 hadi 0 peke yake kunayeyusha robo kilo ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Hiyo imekwenda kabla gari halijawashwa. Barafu yote inayobaki inapigana na joto la njiani, na saa mbili za kusimama juani kwenye foleni, bodi la gari limeiva, zilikuwa zinakula barafu kuliko saa mbili za kutembea. Watu walizoea kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Sasa naona wengine wameshaanza kupakia nusu, kwa kuwa "daraja lipo". Msiende haraka hivyo. Nusu inatosha kama sanduku lina ukuta mnene, mfuniko unabana, na barafu imepondwa. Mabonge makubwa yanaacha mapengo, samaki anagusa hewa badala ya barafu, na ncha zinamchubua. Panga barafu chini, samaki, barafu, samaki, juu umalizie barafu nene. Tundu la kutolea maji chini liwe wazi, maji ya damu yakikaa ndiyo yanayomlegeza. Utumbo utoke kabla.

Gari la wazi lenye turubai? Kilo kwa kilo, hata daraja liwe la dhahabu.

InchiSita (saa 5:41)

Ndiyo hao hao tunaowapelekea kiwanda kisingizio cha "wamelegea".

Mizani_Mwaloni (saa 6:15)

Mbili za haraka haraka halafu nirudi kwenye mizani, foleni imekuwa ndefu.

Bajeti. "Trilioni 56.49" ndiyo bajeti ya 2025/26. Kila mkoa sasa una kichwa chake: "mabilioni yatengwa kwa..." Tazama kitenzi. Kutengwa ni karatasi. Kutolewa ni fedha zimetoka hazina. Kutumika ni mkandarasi ameonekana. Kati ya la kwanza na la tatu kuna mwaka mzima, na ndani ya hizo trilioni kuna kulipa madeni na mishahara kabla ya lami yoyote. Kwenye kodi vivyo hivyo: Juni magazeti yaliandika "yapendekezwa". Yaliyopita kwenye Sheria ya Fedha ndiyo yameanza tarehe 1 Julai, na baadhi yalibadilishwa bungeni njiani. Muuza duka anayepandisha bei kwa kichwa cha Juni mwambie akuonyeshe kifungu. Anayetaka kujua kama za mwaka fulani zilifika kweli, asubiri ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hutoka bungeni Aprili.

Hali ya hewa: TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wana ngazi tatu za onyo. Angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni ya machungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Magazeti yanaandika zote "TMA yatahadharisha". Tafuta rangi na tafuta eneo, maana upepo mkali wa pwani ya Bahari ya Hindi siyo wa Ziwa Victoria. Mzee Nahodha, malizia.

Mzee_Nahodha (saa 6:48)

Julai upepo wa kusini ndio wenye ziwa. Asubuhi maji yanaweza kulala kama mkeka, mchana yakaamka. Mtumbwi uliopakia mpaka ukingo ubaki shibiri moja ulitoka salama saa 12, hautarudi salama saa 8. Boya la kujiokolea livaliwe, lisikaliwe. Na anayevuka na mzigo aufunge. Gunia likihamia upande mmoja kwenye wimbi moja, la pili haliulizi.

Mpita_Njia (saa 7:20)

Wazee wangu nimefaidi. Swali la mwisho, mzee Chanja: kwa hesabu hiyo boti za dagaa zinarudi ziwani lini? Nina oda ya magunia manne.

ChanjaIgombe (saa 7:45)

Baada ya mwezi mpevu, kila siku mwezi unachelewa kuchomoza kwa dakika hamsini hivi. Tarehe 10 unachomoza jua likizama, giza hakuna. Tarehe 15 utachomoza karibu saa 5 usiku, kwa hiyo kuanzia saa 1 na nusu wana giza la saa tatu na zaidi, linatosha kutega mara moja au mbili. Wengi watatoka hapo. Siku ya kwanza mzigo mdogo, ya pili unaongezeka, ongeza siku ya kukausha, mzigo mkavu wenye bei ya maana Mwaloni ni tarehe 18 au 19. Ukiweza kungoja mpaka 23, 24, ngoja. Ukilazimika wiki hii, nunua gunia moja, siyo manne, na uje na beseni.

Mpita_Njia (saa 7:49)

Beseni la nini tena?

ChanjaIgombe (saa 7:50)

La mchanga, bwana mdogo.